Ombi la Kumhamisha Fundi Anayesema "Sijui"

Karakana ya Kompyuta,
Kitale.
Machi 2006.

Kwa Meneja wetu, uliye Bungoma,

KUH: BI. NASIMIYU NA HESHIMA YA UFUNDI

Nakuandikia kwa unyenyekevu, mimi Zachary Gicheru, fundi mkuu wa Kitale, niliyeanza na taipureta kabla mafundi wako wengine hawajaota meno. Nasikia unataka kumpa Nasimiyu, msichana wa juzi, ukuu wa karakana ya Bungoma, cheo nilichokingoja tangu ilipofunguliwa. Imeniuma sana, sikufichi. Basi yasome makosa yake.

1. Anasema "sijui" mbele ya mteja. Sisi wanaume wazima tumejijengea jina kwa neno moja: virusi. Mashine ikigoma, virusi. Ikijizima, virusi. Umeme ukipotea mtaa mzima, tunakohoa kidogo, kisha tunasema virusi. Mteja huenda zake ameridhika, nasi tukapata nafasi ya kunywa chai.

2. Mzee Wekoye, mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Kanduyi, aliniletea kompyuta inayojizima. Nikamwambia ni virusi, tena wa ng'ambo, waliovuka mpaka pale Lwakhakha. Akaogopa vizuri kabisa. Baadaye akaipeleka Bungoma, na Nasimiyu akamwambia, "Sijui, baba, wacha nifungue tuone." Akaifungua mzee akitazama! Kumbe feni imesakamwa na unga. Sasa mzee hanipi amani kwa simu: "Gicheru, virusi gani hiyo, bana? Si ni unga ya ugari tu!" Nami nashikilia kwamba virusi walikuwemo. Unga ni chakula chao.

3. Anawaharibu wenzake. Tonny, fundi wetu mwenye hereni, alikuwa na adabu. Nikisema virusi, naye anasema virusi. Tangu alipokwenda kumsaidia Nasimiyu, ananiambia, "Buda, si tuangalie kwanza?" Mimi, niangalie!

4. Tazama mbele, Bwana Meneja. Fundi akisema sijui leo, kesho daktari naye atasema sijui, keshokutwa chifu, na Jumapili mhubiri mwenyewe. Nchi itaongozwa na nani?

Kwa hiyo naomba ahamishiwe kibanda chetu cha Lwakhakha, tunakouza kadi za simu tu. Huko aseme sijui mpaka achoke. Ukuu wa Bungoma nipewe mimi, maana mvi hizi sikuziokota njiani.

Nisalimie mama watoto, karani wako Fridah, na yule bawabu anayenifungulia lango bila kuniuliza maswali.

Ni mimi, mtumishi wako asiye na shaka,

Zachary Gicheru

N.B. Binti yangu Wacuka amemaliza kidato cha nne na ameng'ang'ania ufundi huu huu. Mama yake anataka nimfundishe hapa Kitale. Nimelifikiria sana jambo hilo. Tafadhali mpokee Bungoma, akae chini ya Nasimiyu, na ule uhamisho usubiri mpaka aijue kazi. Kwangu atajifunza neno moja tu, nami nampenda mtoto huyu.