Waranti ya Nyumba Isiyo Yangu

Leo sina uso, jamani. Umenidondoka mchana kweupe, hapa Guangzhou, mbele ya majirani, na mimi nimevaa buibui langu la Idi.

Nawarekodia sauti nyinyi wa grupu mapema kwa sababu kuna video. Afadhali mnisikie mimi kabla haijawafikia na vicheko vya watu wengine.

Mnamjua Twaha wangu. Tangu nije huku kwa dada yake Mwanaisha, miezi mitatu sasa, kila Ijumaa anapiga simu: "Mama amezeeka, arudi Kisauni kabla hajapotea huko." Mwanaisha akachoka. Akamwambia, "Nitamwacha peke yake siku moja. Akiimaliza salama, sitaki tena kusikia habari ya tikiti." Siku yenyewe ndiyo leo. Mwanaisha alikuwa anakwenda soko la Shiling kutazama mikoba ya mteja wake wa Nairobi. Akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Mama, mtu usimfungulie. Kitu usisaini. Likikutatiza neno, nipigie."

"Mwanaisha, mimi nimezaa watoto sita. Nenda."

(Na sikumfungulia mtu. Hilo mnipe. Wao ndio walionifungulia mimi.)

Saa nne nikashuka kwenye visanduku vya barua. Si kwamba nangoja barua, nani ataniandikia? Naupenda tu ule ufunguo mdogo. Na lifti nilishuka nayo peke yangu kutoka ghorofa ya kumi na saba, bila kushika ukuta!

Ndani mna bahasha. Yarabi, bahasha gani ile! Nzito kama kadi ya harusi ya kitajiri. Na muhuri mwekundu, wa duara. Kwetu barua ya muhuri ni ya chifu, na ya chifu huiachi ikalala. Niliishika kwa mikono miwili.

Kiswahili chenyewe nakisoma kwa kukokota, sembuse Kichina. Lakini Mwanaisha alinitilia kitu kwenye simu: unaielekeza kwenye maandishi, na mwanamke aliye humo ndani anakusomea kwa Kiswahili. Mpaka leo mwili hunisisimka. (Nimempa jina Zuhura. Haiwezekani mtu akusomee barua na jina lake hulijui.) Zuhura akaanza:

"Mheshimiwa mwenye nyumba namba 1704. Hii ni taarifa ya mwisho. Waranti ya nyumba yako inakwisha leo saa kumi jioni. Baada ya hapo bomba likipasuka, waya ukiungua, ukuta ukivuja, hakuna atakayekusikia. Njoo na simu yako kwenye meza yetu, bustanini chini ya jengo."

Kwanza, imeujua mlango wangu! Pili, kumbe nyumba nayo ina waranti? Ya friji naijua. Ya pasi naijua. Lakini nyumba! Subhanallah, hawa watu wamefika mbali. Wamesimamisha nyumba ya ghorofa thelathini, kisha wakaiandikia na karatasi ya ahadi.

Nimpigie Mwanaisha? Kidole kilishafika kwenye picha yake. Nikamkumbuka Twaha. Barua ya kwanza tu, na mimi nimeshalia? Tikiti ingekatwa kabla ya adhuhuri. Simu nikairudisha kifuani inakokaa.

Kugeuka, naona kila kisanduku kina bahasha ileile imechungulia nje. Watu wamekwenda zao, hawana habari. Saa kumi wenzangu wote watakuwa hawana waranti!

Hapo ndipo nilipoharibu. Wa Kisauni mnajua: harusi za mtaa wetu, mwalikaji ni mimi. Kadi za nini? Najifukiza udi, navaa buibui, napita mlango kwa mlango, kila mtu kwa jina lake na la mama yake. Sijapata kuruka nyumba hata moja. Asiyejua kuandika hutunza kichwani. Basi nikapanda juu, nikajifukiza, nikavaa la Idi, nikaanzia korido yetu.

Mzee Liang wa 1702 alifungua na fulana ya ndani, kijiko mkononi.

"Nainai, kuna moto?" (Nainai ndiyo bibi kwao. Yeye ni mkubwa kwangu, lakini haya.)

Zuhura akatusaidia, maana hata maneno ya mdomo huyageuza, yao na yangu. "Hakuna moto, Mzee Liang. Kuna waranti. Inakwisha leo."

"Aa, barua kama hizo mimi huzitupa."

"Yenye muhuri? Unaitupa?" Nikamtazama mpaka akainamisha macho. "Saa tisa na nusu, chini. Na shati uvae."

Bi Rong akasema atakuja na dada yake. Mwalimu Fu, aliyestaafu, akaniuliza kama nina hakika, nikamwonyesha muhuri. Bi Tan wa 1706 alitoa kichwa tu mlangoni.

"Nakuja, nainai, nioshe nywele kwanza. Msianze bila mimi."

"Bi Tan, hatuanzi bila wewe. Neno langu hilo."

Nikamaliza ghorofa yetu, nikapanda ya kumi na nane, nikashuka ya kumi na sita. Nyumba kumi na tisa! Nilishinda njaa, lakini moyo ulikuwa mweupe. Nikajiambia, Twaha akiniona leo atanyamaza.

Saa tisa na nusu tukashuka, mimi mbele na bakuli langu la kaimati tamu nilizokaanga jana, wao nyuma. Bustanini ipo meza ya kitambaa chekundu, na trei za mayai zimepangwa kwa ajili ya kila atakayelipa. Nyuma ya meza, mwanamume wa shati jeupe, kitambulisho shingoni, nywele zimechanwa zikachanika. Akasema anaitwa Deng. Alipouona msafara macho yalimtoka. Nadhani maisha yake yote yeye huwafuata watu, hajapata kuletewa.

"Nainai, hawa wote umewaleta wewe?"

"Kwa majina," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akafungua begi, akatoa mshipi wa kitambaa chekundu, unang'ara, maandishi ya dhahabu, akanivisha kutoka begani mpaka kiunoni. Watu wakapiga makofi. Machozi yakanilengalenga. Miaka yote ile ya kualika Kisauni, nani kati yenu aliwahi kunivisha chochote? (Nyamazeni.)

"Haya tuanze," akasema Deng. Akainua karatasi yenye ule mraba wa vidoadoa. Huku hata muuza mboga hashiki noti: unauelekezea simu mraba, mlio mmoja, pesa imekwenda. Simu kumi na nane zikapanda juu.

"Bado," nikasema. "Bi Tan hajafika."

"Atatukuta, nainai."

"Mwanangu, shughuli haianzi na mwalikwa yuko njiani. Mama yako hakukufunza? Anaitwa nani mama yako?"

Akababaika. "Qiu Lan."

"Na wewe ni wa ngapi kwake?"

"Wa pili."

"Basi kula, wa pili wa Qiu Lan." Nikamsogezea kaimati. Akala moja, akatazama saa. Akala nne.

"Nainai, ni saa kumi kasorobo."

"Bado."

Mzee Liang akainua simu kwa siri. Nikamshusha mkono. "Mzee Liang, umevaa shati la kufunga vifungo, na subira uvae." Watu wakaanza kucheka, wakakaa kwenye ukingo wa maua, bakuli likazunguka. Ikawa shughuli hasa! Deng jasho linamtiririka shingoni. Nikamwonea huruma, nikadhani ni joto.

Kumbe Mzee Huang, mlinzi wa getini, aliuona umati akapiga simu ofisi ya wakazi. Akaja Bi Xie, mwanamke mfupi, kalamu imechomekwa nyweleni. Aliitazama barua mara moja tu, kama mtu anayetazama samaki aliyeoza.

"Hii si ya ofisi yetu. Nyumba hizi hazina waranti yoyote inayokwisha leo. Hawa huchonga muhuri wao, hupeleka barua kila kisanduku, hukusanya pesa, wakahamia jengo jingine."

Nikageuka kumtazama Deng. Wallahi, meza ilikuwa imekunjika kama leso, iko kwapani! Akapita getini mbio na trei zake mbili, shavu limevimba kaimati yangu.

Kwetu mwizi huruka ukuta kwa hofu, na akikusikia unakohoa anakimbia. Huyu ameniandikia barua. Ameniita mheshimiwa. Amenivisha. Amejibu na jina la mama yake! Wizi wenye adabu kiasi hicho sijapata kuuona tangu nizaliwe.

"Nani aliyewaleta hapa?" Bi Xie akauliza.

Vidole ndivyo vilivyosema. Kila kidole, kwangu.

Bi Xie akanitazama usoni, kisha kifuani kwenye mshipi. Mdomo ukamtetemeka. Nami nikataka kujua nimeandikwa nini, nikauelekezea simu. Zuhura hana siri, akasoma kwa sauti yake yote:

"Wakala Bora wa Mwezi."

Nikajiambia si neno, hapa Kiswahili hakijui mtu. Hapo hapo nyuma yangu nikasikia Kiswahili kisicho cha Zuhura.

"Mama?"

Mwanaisha. Karudi mapema. Mabegani mikoba sita ya sampuli, macho kwenye mshipi.

Bi Xie hakuwa amemaliza. "Nainai, wewe nyumba namba ngapi?" Nikamwambia 1704. Akafunua daftari. "1704 ni ya kupanga. Barua inasema mwenye nyumba."

Hata nyumba yenyewe si yangu! Nimeshinda kutwa naililia waranti ya nyumba ya mtu! Ardhi ya Guangzhou ni zege tupu, haipasuki hata ukiiomba.

"Na waliolipa ni wangapi?" Bi Xie akachomoa kalamu.

Watu wakatazamana. Wakatikisa vichwa, mmoja mmoja.

"Hakuna?" Bi Xie hakuamini. "Mmekaa naye nusu saa nzima!"

"Tutalipaje?" Mzee Liang akasema. "Nainai alitukataza. Mpaka Bi Tan aje."

Na ndipo lifti ikafunguka, akatoka Bi Tan na taulo kichwani, mbio, simu mkononi.

"Nimechelewa?"

Jamani, kicheko kile. Bi Rong alimwegemea dada yake, na Mwalimu Fu alikuwa anapiga video. Bi Xie aliketi kwenye ukingo wa maua, akaifuta miwani, akaniangalia kama mtu asiyejua anipige faini au anibusu. Mwishowe akaniuliza kama naweza kueleza yule mtu alikuwaje. Nikamwambia: Deng, wa pili wa Qiu Lan, anapenda kaimati. Huenda yote ni uwongo. Lakini hata uwongo nikiambiwa siusahau.

Kwenye lifti Mwanaisha alinigeuzia mgongo. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanaruka.

Baada ya Magharibi Twaha akapiga. Video ilishamfikia, na si mimi niliyeituma. Nikakaa kitandani, mkono kifuani, naingojea tikiti yangu.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Nilikuwa nimeshatafuta ndege."

"Najua."

"Nimeghairi. Huko hata lugha yao huijui, na umetoa watu wa nyumba kumi na tisa. Barua kama hiyo ikikukuta Kisauni unakojulikana, utamletea mwizi mtaa wote na msikiti. Kaa huko huko, mama."

Basi nabaki. Ufunguo mdogo Mwanaisha ameuchukua. Mshipi nimeukunja chini ya mto, na msiniulize kwa nini.

Video ikiwafikia, nawasihi msicheke. Atakayecheka namjua jina lake, na la mama yake.