Kuhusu Mlimau wa Kwenye Ndoo na Jembe la Chuo

Kwa Mkuu wa Idara ya Usanifu wa Mandhari,
Ngazi ya Uzamili.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, na sijawahi kukiandikia chuo chenu barua ya kulalamika, ukiondoa mbili zilizohusu nukta. Hii inahusu maisha yangu, kwa hiyo naomba isomwe kwa makini kuliko zile.

Mjukuu wangu ni mwanafunzi wenu. Kwa ajili ya tasnifu yake mlimtaka atafute ua wenye matatizo. Hakwenda mbali, alikuja kwetu. Wiki ijayo jopo lenu litakuja kukagua, na kabla ya hapo anatakiwa awe ametekeleza walau kipande kimoja cha mchoro wake. Kipande alichokichagua ni kuutoa mlimau wangu kwenye ndoo na kuupanda ardhini. Nimekataa. Akasema nikikataa hana cha kuonyesha, na atarudia mwaka. Nikamwambia aniombe kitu kingine chochote, hata figo. Ndipo alipokwenda kulia kwa bibi yake, nami nikaja kulia kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimepimwa. Mjukuu wangu alianza na ukuta, akaenda bombani, akapima hata kivuli, kisha akanigeukia na futi mkononi: "Mume wangu, simama wima nikupime, usijikunje." Nikasimama wima, nikidhani ni utani wetu wa siku zote. Baadaye nikajikuta kwenye mchoro nimeandikwa "Mtumiaji Mkuu". Bibi yake ni "Mtumiaji wa Pili". Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kufua mimi, kupika mimi, halafu mkuu ni yeye?"

2. Nimefuatwa. Kila nilipopita, alinyunyiza unga wa chokaa nyuma yangu ili aipate ile mnayoiita njia ya mazoea. Ikaonekana kwamba natoka mlangoni kwenda bombani, bombani kwenda kitini, kitini kwenda getini, getini kurudi kitini, na tena getini. Nilitaka kuuharibu utafiti, nikapita upande mwingine makusudi, nikatumbukiza mguu mzima kwenye beseni la nguo. Nalo limeandikwa.

3. Kiti changu kimegeuzwa. Meza yetu ya kulia siku hizi imebeba ua wetu wa kadibodi, sisi tunakula tumepakata sahani. Miti ni sponji za kuoshea vyombo. Mimi ni kijiti cha kiberiti, na ule wekundu wa kichwani ndio kofia yangu. Hapo silalamiki, wembamba umenipendeza. Lakini kiti cha hicho kijiti kinatazama mimea, na geti kimeligeuzia mgongo. Kiti changu halisi hutazama geti. Nilimweleza mwanafunzi wenu kwamba ni kwa ajili ya mwanga wa kusomea. Akakaa pale, akafungua gazeti langu, akakunja uso. "Babu, hapa jua linakupiga machoni. Hapa husomi wewe." Kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Unamngoja nani?" Ndugu Mkuu, swali hilo ni la uzamivu. Mtoto wa uzamili hakupaswa kuachwa alifikie peke yake.

4. Mwalimu wenu. Kwenye pambizo ya mchoro ameandika kwa wino mwekundu: "Kila mmea uko kwenye chombo. Mkazi anakwenda wapi?" Wino mwekundu umenipa mkate maisha yangu yote. Sikujua unavyouma ukiwa umekaa upande huu wa kalamu.

Lakini swali likiulizwa hujibiwa. Mkazi anakwenda kwao. Alitoka huko kijana, mbio mbio, bila hata kufunga dirisha, akaja hapa kwa muda. Kwa muda akapata kazi. Kwa muda akaoa. Watoto wanne wamezaliwa humu ndani kwa muda, na mmoja wao akamzaa, kwa muda, huyu anayenipima. Mtu aliye safarini hapandi. Huotesha kwenye kitu chenye mkono wa kubebea. Ndiyo maana mrehani uko kwenye kopo la mafuta, pilipili ziko kwenye beseni walilooshewa wanangu, na mlimau, ambao hata sikuupanda bali ulijiotea kutokana na mbegu niliyoitema, uko kwenye ndoo ya bati iliyokuwa ya rangi. Siku ya safari kila mmoja anabeba chake. Nasikia nyumba yetu ya kule imekuwa barabara. Wanasema ni barabara nzuri, ina taa. Sawa. Barabara nazo huhamishwa.

5. Jembe. Hili ndilo zito. Mjukuu wangu amekuja nalo begani, mpini umepigwa mhuri wa chuo, akaliegemeza kwenye kiti changu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kunipa jembe, si jirani, si mwajiri, si mkwe. Kwa hiyo, kwa sheria ya wahenga, mimi bado niko siku ya pili. Na mgeni wa siku ya pili ana haki zake: hulishwa, huulizwa habari za kwao, na huachwa akae akitazama geti. Leo idara yenu, bila hata kikao, imenitoa siku ya pili na kunisukumia ya tatu, tena kwa mkono wa mtoto niliyemfundisha mimi kusoma. Huo ni uonevu wa kitaaluma.

Naomba basi swali la wino mwekundu lifutwe. Mwanafunzi wenu atafutiwe mzee mwingine, ikiwezekana mwenyeji. Kiti changu kirudishwe kilivyokuwa, hata kama ni cha kadibodi. Na jembe lenu mje mlichukue upesi, kabla halijatuzoea.

Nisalimieni jopo zima, mwalimu wa wino mwekundu, na yule bwana anayefyeka nyasi hapo chuoni, ambaye nasikia hana maswali. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa barua hii ameikataa.

Ni mimi, ninayewaheshimu bila kukubaliana nanyi,

Mtumiaji Mkuu (wa muda)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu aliniambia, "Haya, msafiri, beba basi ndoo yako tuone." Nikatoka, nikaushika mkono wa ndoo, nikavuta. Mkono nikabaki nao, ndoo haikutikisika. Nikaikumbatia, nikajaribu tena, kiuno kikalia. Mke wangu akainama, akachungulia chini. "Pole, mzee wangu. Mwenzio kashahamia zamani." Kitako cha ndoo kimeliwa na kutu, na mzizi mnene umepita hapo ukaingia ardhini. Haukuomba kibali changu wala chenu.

Mjukuu wangu sasa hana cha kuhamisha; kazi iliyobaki ni kuikata ndoo, na amekwenda kuazima mkasi wa bati. Swali la mwalimu msilifute. Kiti nimekigeuza mwenyewe, nusu: jicho moja liko kwenye mlimau, jingine getini. Na jembe msije kulichukua wiki hii. Bado kuna mrehani na pilipili.