Mimba ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Haji kuniona mimi. Anakuja kumkagua Bibiye, kondoo aliyempa mke wangu mwaka jana kwa sharti moja: akimkuta ana tatizo, anaondoka naye siku hiyohiyo. Na mke wangu anampenda yule kondoo. Akirudi kazini humsimulia habari za kutwa nzima, mimi nikizipata kwa kusikiliza nje ya banda. Bibiye akichukuliwa, nyumba hii haitakalika.

Leo nimemtazama vizuri. Amekonda. Nimewaza mpaka chai ikapoa, nikapata sababu. Upweke. Anayekula peke yake hanenepi.

Jumanne, 4 Machi
Nimebomoa ukuta. Banda la kondoo na la kuku sasa ni moja. Umoja ni nguvu. Kuku watamdonoa kupe, yeye atawapa joto, mimi nitafagia mara moja badala ya mbili. Sijui kwa nini watu hawajafikiria hili.

Mke wangu ameuliza chakula cha kuku kitakaa wapi. Nimemweleza kwamba kondoo hula majani, hata mtoto wa chekechea anajua. Amesema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda zake kazini.

Jumatano, 5 Machi
Bibiye amenenepa! Kwa siku moja! Tumbo limetokeza mpaka anapita mlangoni kwa kujipinda. Nimeligonga kwa vidole, linalia kama ngoma. Ni mimba, hapana jingine. Kwa ukubwa ule, watoto watatu.

Kuku nao wamechangamka na mgeni wao, debe zima la chakula limekwisha.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwenye kondoo wanne na majivuno ya arobaini, amechungulia juu ya ua. Amesema kondoo wangu anaumwa. Wivu tu. Nimempigia simu mama mkwe, nikamwambia ajiandae kupata wajukuu watatu kwa mpigo. Ameuliza dume alitoka wapi, maana kwetu hakuna. Nimesema mtandao unasumbua, nikakata.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi Bibiye amekataa majani. Amelala, anasaga meno, anahema. Nimemtangazia mke wangu kuwa uchungu umeanza, nikaleta maji ya moto na mataulo mawili. Mke wangu amemshika taya, akaona unga wa chakula cha kuku umeganda midomoni. Ametoka mbio kumwita bwana mifugo.

Nimebaki naye peke yangu. Nimempakata kichwa, nikamwomba msamaha. Niliogopa kweli. Mama mkwe alikuwa amenitoka akilini kabisa. Niliogopa mke wangu arudi akute macho yale yamefumba.

Bwana mifugo amefika na pikipiki yake, akabonyeza tumbo, akasema mimba haikai upande wa kushoto, hii ni gesi. Ameuliza amekula nini. Nimejitia hamnazo. Mke wangu amemjibu: debe.

Basi, mafuta ya kupikia kikombe kimoja, polepole, yasije yakampalia. Tukampandisha miguu ya mbele juu ya matofali, nikaamriwa kumkanda. Fundi cherehani ameruka ua bila kuitwa, akamshikilia shingo. Nimekanda mpaka mikono ikafa ganzi. Hatimaye Bibiye amecheua, usoni mwangu, kwa kishindo. Harufu ile sitaisahau, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama hicho. Tumbo likashuka. Nimelia mbele ya watu. Mke wangu amenipa taulo.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe ameingia saa nne. Kaenda bandani moja kwa moja. Amemkuta Bibiye mwembamba kuliko hata Jumatatu. Mke wangu amemsimulia yote, hakunificha hata kidogo. Mimi nilikuwa upande wa pili najenga ukuta, nikisubiri kusikia kamba inafunguliwa.

Haikufunguliwa. Mama amesema kondoo atabaki, kwa kuwa binti yake ameonyesha anaweza kumtunza. Ila mimi nisimlishe, nisimguse, na ikiwezekana nisimfikirie. Nishike kuku. Nimemwambia, mama, nimejifunza. Amesema haya, mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari.

Jumapili, 9 Machi
Siku njema. Bibiye anakula majani, mke wangu ananisemesha tena. Na kwa kuku kumekucha! Yule mweusi amejikunyata kiotani tangu asubuhi, kavimbisha manyoya, hanyanyuki. Analalia. Kwa upana ule, vifaranga ishirini. Nimeshamtangazia fundi cherehani, nimeshampigia mama mkwe.

Mke wangu amepita, amemtazama, amesema huyo ni jogoo na amejificha mvua. Nimemwambia hiyo ndiyo sababu nimesema ishirini tu.