Kunyang'anywa Tumbo la Mawazo

Boma la Wabwile,
karibu na soko la Ndalu.
Ijumaa, 18 Mei 2007.

Kwa Sista Jentrix, zahanati yenu huko Kitale.

Mheshimiwa Sista,

Pokea salamu nyingi wewe niliyekuzaa. Lakini leo sikuandikii kama mama. Nakuandikia kama mwananchi mwenye malalamiko, kwa hivyo kaa kwa kiti vizuri na unifungulie faili.

Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, isipokuwa tumbo limemshika tangu Jumanne na haongei na mtu. Nyanya yenu hajambo, anakunywa uji, ingawa uji haukai. Mdogo wako Joan hajambo, hajaenda shule kwa sababu kule choo ni kimoja na foleni ni ndefu. Ng'ombe hajambo kabisa. Mimi sijambo. Ndugu yako Wangila ndiye hajambo kidogo, na huyo ndiye ameleta hii barua.

Unajua vizuri kwamba Wangila ana tumbo la mawazo. Hatukujipa wenyewe. Alipokuwa akingojea mtihani wa Kidato cha Nne, daktari mkubwa alimpima damu, akampima choo, akakuta yote safi. Akasema matumbo ni mazima ila ni mepesi kukasirika. Kijana akiwaza, yanasokota. Tangu hapo lile tumbo tumelizoea kama mtu wa nyumbani. Likisikia mtihani linaamka, akienda choo linanyamaza. Akina mama wa kanisa wakiniuliza, najibu, "Si mnajua anafikiria sana." Hapa Ndalu hakuna mama mwingine ambaye mtoto wake anafikiria mpaka tumboni.

Sasa jana umekuja mapumziko yako, ukamwangalia dakika tano, ukasema, "Mama, hili si lile tumbo. Haya ni maambukizi."

Nalalamika hivi:

1. Ulisema mbele ya mgeni. Shangazi wa Fridah, bibi harusi wetu, alikuwa amekaa hapo, ametuletea jibu la siku ya mahari. Jumamosi alikuja kuona boma, akalipenda, akanywa gilasi tatu za juisi niliyochanganya. Badala ya kumwuliza habari za kwao, wewe unamwuliza, "Na wewe shangazi, tumbo liko aje?" Sista! Shangazi wa bibi harusi! Afadhali ungemwuliza umri. Naye akakujibu, "Mwanangu, wacha tu. Tangu Jumanne mimi ni mtu wa kukimbia." Akaaga, jibu hakutoa. Mpaka leo hatujui kama aliondoka kwa hasira ama kwa haraka.

2. Ulisema homa. Ati tumbo la mawazo halipandishi homa. Mimi nikiwaza nasikia joto mpaka masikioni, sasa Wangila asisikie kwa nini? Hicho kipimo chako kilisema thelathini na tisa, lakini kijana alikuwa amekaa karibu na jiko. Kipimo cha Kitale hakijui jiko letu.

3. Ulisema la zamani lilikuwa linamwacha alale, na hili linamwinua usingizini mara tano. Bana, huyu kijana anaoa! Mawazo ya mtihani yanalala saa tatu. Mawazo ya mahari hayalali.

4. Damu. Uliniuliza kama iko kwenye choo, nikasema ni mboga nyekundu. Ukaniuliza ni mboga gani, na mtoto hajala tangu Jumatatu. Hilo swali sikulipenda.

5. Ulisema watu wa nyumba nzima hawawezi kuwaza tumboni kwa wiki moja. Hapo ulitudharau sana. Hii ni nyumba ya watu wanaopendana. Kijana akiwaza, baba anawaza, nyanya anawaza, Joan anawaza. Na kama shangazi naye ameshikwa, basi ni kwa sababu ameshakuwa mtu wetu. Huko kukimbia kwake ndiko jibu lenyewe. Ungetupongeza.

6. Ulienda kuchungulia kisima. Ni kweli mfuniko ulibebwa na mvua ya mwezi wa nne, na ni kweli maji ya zizi yanateremka upande huo. Ukasema ya chai yamechemka, ya juisi hayakuchemka. Mwanangu, nani anachemsha juisi? Miaka ishirini nimepikia kanisa, harusi na matanga, na hakuna aliyetoka kwangu akishika tumbo. Ukisema ni maambukizi, unasema ni mkono wangu huu uliomfanya mtoto wangu hivi. Afadhali yawe mawazo yake kuliko yawe maji yangu.

7. Ulinikataza vile vidonge vya duka vya kufunga tumbo, ati palipo na damu na homa hapafungwi ovyo. Halafu ukaniachia kikopo cha kupimia choo juu ya meza ya wageni, kando ya chapati.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako iandike karatasi yenye muhuri kwamba tumbo la Wangila linabaki la mawazo kama zamani, na nakala ipelekwe kwa shangazi.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, yule mlinzi mpole wa geti, na Jepkorir unayekaa naye. Mungu akutunze, na ukule vizuri.

Ni mimi, mwananchi na mzazi wako,
Mama Jentrix.

N.B. Anayekuletea barua hii ni Wangila mwenyewe. Mtibu kwanza, kusoma baadaye. Asubuhi ameinuka akaanguka, na macho yameingia ndani. Nimemweka kwa pikipiki ya Rotich, na Fridah amepanda nyuma yake kumshikilia. Amekuja bila kuitwa. Kikopo kiko kwa mfuko wa koti, nimekijaza na jina nimeandika. Ile damu si mboga, mwanangu. Nilijua. Nimekuwa nikimpa maji ya chumvi na sukari vile ulisema, na maji nimechemsha, nimechemsha hata ya ng'ombe. Kisima nimekifunika na mlango wa jikoni. Nitakuwa dukani kwa Jerono kando ya simu. Piga leo leo, usimtume mtu, uniambie wewe mwenyewe, hata kama ni vibaya.