Maziwa ya Katune Yanakataa Kuchacha

Jumanne, 5 Agosti 2025

Syombua,

Kanini amepiga simu. Habari kubwa! Mdogo wako anatoka Kabati Jumamosi ya tarehe kumi na sita, siku ya ibada ya mwaka mmoja tangu utuache, na anataka kibuyu. Kile chako cha maziwa lala. Anasema kilikuwa cha mama yenu, kwa hivyo ni cha mabinti, na mwanamume anayeishi peke yake hana kazi nacho ila kukitazama.

Kweli nakitazama. Mara nyingine nakifungua nanusa. Harufu ya moshi bado imo. Hilo sikumwambia. Nilimwambia kibuyu kinafanya kazi, na kwamba siku ya ibada wageni wote watakunywa maziwa lala kama yako, yaliyotoka mikononi mwangu.

Akacheka. Aki, alicheka! Nilisikia mtu huko Kabati akimuuliza kuna nini. Basi tukapatana. Maziwa yakichacha vizuri, kibuyu kinabaki hapa Matiliku. Yasipochacha, anaondoka nacho.

Sijawahi kutengeneza maziwa lala. Lakini nilikutazama ukiyatengeneza miaka yote ya ndoa yetu. Kuna ugumu gani?

Jumatano, 6 Agosti

Pigo dogo. Ng'ombe wako Katune amenipiga teke, mimi na ndoo. Chuchu moja ya nyuma imevimba, ina moto, na maziwa yanatoka na vibonge kama uji uliosahauliwa.

Mbio kwa Mutindi, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni. Unamkumbuka akija kwetu kuomba maembe, na sare ya shule, soksi moja juu moja chini? Sasa anavaa koti jeupe na kukemea wazee. Alisema ni ugonjwa wa kiwele, unaletwa na bakteria. Akanipa antibiotiki iliyo katika mirija midogo, ya kusukuma ndani ya chuchu. Asubuhi na jioni kwa siku tatu kuanzia kesho, bila kuruka, hata ng'ombe akionekana mzima. Na maziwa yote nimwage, mpaka siku nne zipite baada ya mrija wa mwisho. Nisimpe mtu, nisinywe, nisimpe hata paka.

Akauliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akaniambia nirudie. Nikarudia kama mtoto wa darasa la pili, mbele ya wateja.

Nikitembea kurudi nikapiga hesabu. Nikifuata maneno ya Mutindi, maziwa safi nitayapata Alhamisi ijayo. Ibada ni Jumamosi. Na wewe ulikuwa unayaacha maziwa siku nne nzima kabla ya kuyaruhusu yaonekane na watu! Mutindi ni mtaalamu wa ng'ombe. Si mtaalamu wa Kanini.

Ijumaa, 8 Agosti

Furaha! Vibonge vimekwisha. Siku moja tu ya dawa, na chuchu ni laini, maziwa meupe, Katune anatafuna kama mke wa chifu.

Nikakaa kwenye kile kigoda chako nikafikiri. Dawa iliingia kufukuza ugonjwa. Ugonjwa umeondoka. Basi dawa nayo inabaki humo kufanya nini? Imeufuata. Nikaacha mirija hapo hapo. Ng'ombe amepona, na siku za kumwaga nimezikata karibu zote. Akili!

Wewe ungesema, "Baba Yvonne, na hizo akili zako." Ulikuwa unayasema hayo kwa sauti mbili. Moja ilikuwa ya kunisifu. Nimechagua kuikumbuka hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Kazi imeanza. Nimechemsha maziwa, nimeyapoza. Nimekifukiza kibuyu kwa kijinga cha mti uleule wako, nikaungua kidole kilekile ulichokuwa ukikiunguza wewe. Nikamimina. Nikafunga. Nikakigonga kwa vidole viwili na kutega sikio, kama ulivyokuwa ukifanya. Sijui ulikuwa unasikiliza nini. Mimi nilisikia tumbo langu.

Nimempigia Yvonne huko Nairobi kumpa habari. Akauliza kama ninakula vizuri. Nikamwambia aulize kuhusu kibuyu. Akauliza kuhusu kibuyu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua. Matamu. Matamu kama yametoka kwa Katune sasa hivi! Hata dalili ya uchachu hakuna.

Nimeshuku baridi ya Agosti. Nimekisogeza kibuyu karibu na meko na kukivika sweta yako ya kijani. Kimependeza. Kina mabega kama yako, usinikasirikie.

Kisha nikamshuku Kanini. Mtu anayecheka vile kwenye simu anaweza kuharibu maziwa akiwa Kabati. Nikakiombea kibuyu. Nikamwombea na Kanini, lakini kwa ufupi.

Jumanne, 12 Agosti

Syombua! Kaa chini kama umesimama.

Muthoki, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuja kuulizia masufuria ya ibada. Akakiona kibuyu ndani ya sweta. Akaomba aonje. Nikamwonya kwamba maziwa ni ya tangu Jumamosi na yamekataa kuchacha. Akaonja. Akaonja tena. Akaniuliza taratibu kama nina hakika ni ya Jumamosi. Nikaapa. Akatazama sweta yako, akaanza kulia.

Alisema maziwa yanayokaa siku tatu bila friji na hayaharibiki hayajawahi kuonekana Matiliku. Alisema mikono yako ilikuwa imebarikiwa na baraka hiyo imebaki ndani ya kibuyu. Nilitaka kumwambia ninachohitaji mimi ni yaharibike. Lakini alikuwa analia vizuri sana, nami nikalia pia. Sikuwa nimelia na mtu tangu mazishi.

Amebeba chupa moja kwa ajili ya wajukuu.

Jumatano, 13 Agosti

Watu! Tangu asubuhi! Wamekuja na vikombe, na chupa za soda, mmoja na beseni. Kila mtu ameonja, kila mtu ana habari yako. Mmoja alisema ulimpa mbegu za kunde mwaka wa ukame ukamkataza kusema. Mwingine, kwamba ulimfundisha wimbo kisha ukamnyang'anya sauti ya kwanza. Sikuwa nimezijua habari hizi. Nimekamua Katune mara mbili na kujaza kibuyu tena ili wasiondoke.

Mchungaji Gedion naye alifika. Alionja, akakuna kidevu, akasema kanisa lisikimbilie neno muujiza. Kisha akaomba kikombe cha pili.

Mpango mpya umenijia! Maziwa yasiyoharibika! Pale Makindu magari ya safari ndefu husimama, abiria wana kiu, na maziwa ya wenzangu huganda kabla ya saa sita. Yangu yanaweza kufika Mombasa na kurudi. Kanini akija nitamwambia, shemeji, maziwa lala ni mambo ya zamani. Mimi natengeneza maziwa yasiyolala.

Jambo moja tu. Jioni Katune amenipiga teke tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nilikuahidi kuandika zote.

Mutindi alipanda kilima kwa miguu na koti lake jeupe. Uwanja ulikuwa umejaa watu na vikombe. Hakunisalimu. Aliuliza kama nilimaliza ile mirija. Nikasema ng'ombe alipona mapema. Aliuliza maziwa haya ni ya nani. Watu wakamweleza habari ya baraka. Akaniangalia, na sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyotegemea.

"Mzee, kilichomo humo si baraka. Ni dawa ya Katune, na umewanywesha watu."

Syombua, vikombe vyote vilishuka midomoni.

Alieleza akiwa amesimama. Kinachochachisha maziwa ni bakteria pia, ila hao ni wema. Antibiotiki haiulizi nani mwema nani mbaya, inawaua wote. Haikuondoka na ugonjwa. Ilibaki kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Na ugonjwa nao haukuondoka. Niliua bakteria dhaifu, nikawaachia uwanja wale sugu. Akainama, akamgusa Katune kiwele. Chuchu imekuwa ngumu kama kiazi kibichi, na ya pili imeanza.

Kisha akasema jambo lililonifanya nikae chini. Mjukuu wa Muthoki, yule Mwende mdogo, hapatani na dawa za jamii ya penisilini. Jana jioni alinywa maziwa yangu, akavimba midomo, ngozi ikajaa vipele, akaanza kukohoa. Walimkimbiza zahanati. Amelala salama, leo ameomba chapati.

Ameomba chapati! Nilimuuliza Mutindi mara tatu kama ni kweli. Nilikwenda kwa Muthoki mwenyewe. Nilisimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema hawezi kunikasirikia leo kwa sababu amechoka, atanikasirikia Jumatatu. Mwende alinionyesha vipele vyake kwa fahari, kimoja kimoja.

Maziwa yote nimemwaga kwenye shimo la takataka.

Ijumaa, 15 Agosti

Moyo hautulii, lakini akili inakwenda mbio. Sasa naelewa kila kitu! Kinachohitajika ni bakteria wema. Nimekiosha kibuyu kwa maji ya moto, nimekifukiza upya, na jirani yangu Kaveke amenipa maziwa ya ng'ombe wake asiye na dawa yoyote. Nimemimina alfajiri.

Saa kumi jioni nimefungua. Bado matamu. Bila shaka, ni siku moja tu, na baridi hii. Bakteria wema hawaharakishwi.

Lakini uchachu ni uchachu, sivyo? Nimekamulia ndimu. Nne. Yameganda hapo hapo! Nimetikisa, nimegonga kwa vidole viwili. Safari hii nilisikia kitu. Nalala nikiwa na matumaini makubwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Ibada ilikuwa nzuri. Mchungaji Gedion alikuita mwanamke mwaminifu, akina mama wakaimba ule wimbo wako, na Yvonne alinishika mkono mpaka mwisho. Muthoki alileta masufuria yote. Mwende alivaa gauni la manjano.

Kisha Kanini akaomba kikombe.

Alikunywa mbele ya watu wote. Sijui kama umewahi kumwona mtu akimeza na uso ukibaki nyuma. Aliweka kikombe chini polepole, akapangusa mdomo.

"Shemeji," akasema, "umenipa chai ya ndimu, ila umesahau majani."

Watu walijaribu kujizuia. Muthoki ndiye aliyeshindwa. Akamsimulia Kanini yote, sweta, muujiza, mirija, mpaka Makindu, ambayo nilimwambia kwa siri. Kanini alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi na nguo zake za ibada. Na Syombua, anacheka kama wewe. Ile ya kukosa pumzi katikati, kisha kilio kidogo mwishoni. Kwenye simu sikuwa nimeitambua. Nilisimama pale na jagi mkononi nikitamani asimalize.

Alipomaliza alikuwa analia kweli. Alikichukua kibuyu, akakinusa, akakaa nacho mapajani kwa muda mrefu. Sikubisha. Mapatano ni mapatano.

Jioni, akiwa tayari kuondoka, aliniita kando. Alisema hakujua kwamba hata mimi nakinusa kibuyu. Yvonne alikuwa amemwambia. Sijui Yvonne alijua vipi.

"Mtibu ng'ombe wa dada yangu vizuri," akasema. "Amalize dawa yote, shemeji. Yote. Siku maziwa yake yatakapochacha yenyewe kwenye sufuria, nipigie simu. Nitakirudisha mimi mwenyewe, na nitakufundisha."

Akaondoka nacho amekipakata kama mtoto. Rafu ya jikoni ina duara safi katikati ya vumbi. Sijaipangusa.

Jumatatu, 18 Agosti

Muthoki alikuja asubuhi kunikasirikia, kama alivyoahidi. Alichukua nusu saa, kisha akanywa chai ya rangi. Tuko sawa.

Mutindi naye alikuja na daktari wa mifugo. Wamempa Katune mirija ya dawa mpya, kali zaidi. Siku tano safari hii, kisha kumwaga maziwa mpaka Mutindi atakaporuhusu. Alinifanya nirudie mara mbili. Nilirudia bila kosa hata moja. Nimebadilika, Syombua. Mtu akipitia niliyopitia lazima abadilike.

Jumatano, 20 Agosti

Habari njema kabisa! Leo vibonge havipo! Chuchu zote mbili ni laini, Katune amenilamba sikio. Dawa hii mpya ni kali kweli, si kama ile ya kwanza. Ile ilikuwa dhaifu, ndiyo maana ilitusumbua.

Nimekaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Nikifuata Mutindi, kibuyu kitarudi nyumbani mwezi ujao. Lakini dawa yenye nguvu hivi, siku mbili zake ni sawa na tano za dawa nyingine, sivyo? Nikiacha jioni ya leo, na nikimwaga kwa siku mbili hivi, maziwa yanaweza kuwa yamechacha kufikia wiki ijayo. Jumapili hiyo Kanini yuko hapa. Kibuyu kiko rafuni. Mtu anacheka jikoni kwetu tena.

Mutindi anasema siku zote tano. Yeye ni msichana mzuri. Lakini yeye hana kibuyu Kabati.

Mirija iliyobaki nimeiweka juu kabatini. Nakwenda kulala mapema, nimefurahi sana. Huko uliko, Syombua, ukipata nafasi, nikumbuke.