Fidla Kumi na Mbili, Pinde Kumi na Tatu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Vijana, ambaye pia ni Shangazi yangu,

Shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usiisome kwa sauti, usimwonyeshe Baba, na ukimaliza usiitie kwenye ule mkoba wako ambao kila mtu hapo nyumbani huingiza mkono kutafuta kalamu. Neno moja likitoka nimekwisha, nawe ndiye uliyeniombea kazi hii.

Kwa heshima zote, ninalalamika juu ya okestra ya vijana inayofanya mazoezi katika ukumbi uliopakana na masjala yetu. Alhamisi Kamati yako itakuja kuwasikiliza, kisha iamue kama waachiwe ukumbi au urudishwe kuwa stoo ya viti vibovu. Naomba mwamue viti, tena mwamue mkiwa hukohuko ofisini kwenu, bila kujisumbua kufika. Sababu zangu ni hizi:

1. Okestra imeacha kuwa kelele. Miezi ya kwanza walilia kama paka waliofungiwa kabatini, na sisi wafanyakazi tuliishi kwa umoja, tukiwasema tangu chai ya asubuhi hadi kufunga ofisi. Sasa wamejua. Mpiga chapa anaimba puani. Mkuu wetu wa idara, ambaye sisi wadogo humwita Bwana Muhuri (tafadhali sana), siku hizi hugonga muhuri kwa kufuata mapigo yao. Wiki iliyopita walipiga wimbo wa mapigo manne, naye akaidhinisha ruhusa ya mlinzi mara nne. Mlinzi amekwisha kumzika mjomba mmoja mara mbili, na bado ana ruhusa mbili mkononi.

2. Wameleta amani bila kibali. Hapa lazima niungame jambo, na ndiyo maana mlango umefungwa.

Unakumbuka vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walivyokuwa wakirushiana mawe penye bomba la maji. Wote walijiandikisha. Vyombo vilipofika, hati ya mzigo ilisema: fidla kumi na mbili, pinde kumi na tatu, kila kitu na mstari wake. Mimi ni karani. Hati ikitenganisha, sina mamlaka ya kuunganisha. Nikafungua masanduku, nikatoa pinde moja moja kwa uangalifu, nikagawa kwa kufuata orodha. Wa mtaa wa juu, waliotangulia kujiandikisha, wakapata fidla. Wa mtaa wa chini wakapata pinde. Kila mmoja akatia sahihi.

Mwalimu wa muziki alipoingia ukumbini alikuta kundi moja limekumbatia fidla zisizo na cha kuzipigia, na jingine limeshika vijiti, likitazama hivyo vijiti na vichwa vya wenzao. Nikamweleza kwamba kubadilisha kunataka fomu yenye sahihi tatu, ya tatu ikiwa ya Bwana Muhuri, na Bwana Muhuri akijua, mimi nitakula wapi? Akasema, "Acha hivyo hivyo, karani. Tuone."

Tumeona, Shangazi. Fidla bila upinde ni sanduku, na upinde bila fidla ni fimbo. Wiki ya kwanza walitukanana. Ya pili wakapangiana zamu. Sasa wanatembea wawili wawili, na dawati letu la usuluhishi halijapata ugomvi hata wa kuku. Kwenye taarifa ya robo mwaka, penye "ugomvi uliosuluhishwa", niliandika sifuri. Bwana Muhuri akaniita. "Sifuri? Kijana, unataka wakubwa waseme tumelala? Kaulizie kata ya jirani kama wana ugomvi wa kutuazima."

3. Wamejifunza kusikiliza, na anayesikiliza huhesabu. Zamani kijana akija dirishani nilimwambia "njoo kesho", akaenda zake. Yupo msichana mmoja mfupi wa mtaa wa chini, wanamwita Kisoda, mwenye upinde. Huja na mwenye fidla wake, fundi cherehani wa mtaa wa juu. Juzi alinikazia macho akasema, "Kaka karani, hizo ni kesho tatu. Ya nne tunaingia sisi." Na kweli wakaingia. Mbaya zaidi ni mkutano wa hadhara. Bwana Muhuri alianza hotuba watu wakiwa bado wanavuta viti. Kisoda akanyoosha mkono: "Mzee wetu, umeanza peke yako. Tuanze tena, pamoja." Na Mzee akaanza tena! Hotuba ya saa nzima ikaisha kwa dakika kumi, na watu wakaielewa. Wewe ni mtu wa siasa, Shangazi. Unajua hatari ya hotuba kueleweka. Tangu siku hiyo wanaulizia lile bomba la pili la maji tulilowaahidi.

4. Wanasaidiana. Fundi cherehani alipougua, Kisoda alimchotea maji mama wa huyo fundi siku tisa. Nilimuuliza kisa. Akajibu, "Asipopona huyu, mimi nina fimbo tu." Jambo la namna hii halina fomu. Fomu yetu ya kuomba msaada ina kurasa sita, na tangu mwezi uliopita hakuna aliyekuja kuichukua. Nami nimepiga hesabu. Wakiendelea hivi miaka miwili, kata itakuwa imeendelea. Kata iliyoendelea haihitaji Ofisi ya Maendeleo. Ofisi ikifungwa, wa kwanza kutoka ni aliyeingia mwisho, na aliyeingia mwisho ni mtoto wa kaka yako.

Nasikia pia mtakuja na daftari la stoo kulinganisha sahihi na vyombo. Mtu yeyote mwenye macho ataona nilichofanya. Ndiyo maana nasema msije. Na kama kufunga ukumbi hakuwezekani, basi kila kijana apewe fidla yake na upinde wake. Nina hakika haupiti mwezi watakuwa hawahitajiani, mawe yatarudi penye bomba, na taarifa yangu itajaa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, tangu Bibi hadi huyo anayetambaa, na jirani mwenye redio.

Mtoto wenu mtiifu, mwenye hofu,
Karani wa Masjala

Nyongeza: Ukihesabu utaona upinde mmoja ulibaki. Kanuni hairuhusu kifaa kukaa stoo bila mwenye dhamana, na orodha ya vijana ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilitia sahihi mimi. Nilikusudia kuutundika ukutani. Lakini Kisoda na fundi wake wakaniita kwenye fidla yao, zamu ya tatu, "usije ukazeeka na fimbo." Alhamisi nina mistari minane ya kupiga. Mkono unanitetemeka kwa woga, ila Mwalimu anasema mtetemo huo huo ndio anaoutaka. Basi njooni, Shangazi, na daftari mje nalo. Ikibidi mtu aondoke, niondoke mimi. Viti vibovu vitafutiwe pengine.

Ukitaka kunijibu, usipige simu ya ofisi, maana Bwana Muhuri ndiye huipokea. Usimtume mlinzi, yuko msibani. Pita mlango wa nyuma wa ukumbi, saa kumi na nusu jioni, uhesabu viti kuanzia dirishani. Mimi ni wa tatu, nyuma ya Kisoda. Ukikuta tunapiga, usiniite. Subiri tumalize, siwezi kuwaacha katikati.