Karoti Haina Ganda

Siku ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Idara ya Matunda na Mboga Mbichi kwa Shule za Msingi iliutangazia umma kwamba kuanzia saa hiyo hakuna tunda litakalohesabiwa kuwa limeliwa mpaka ganda lake lifike makao makuu kutoa ushahidi.

Tangazo lilipigwa mihuri miwili, likabandikwa ukutani, na chini yake ukachorwa mshale wa kuelekeza ghala la maganda. Ghala lilikuwa chumba cha tatu mkono wa kushoto, ambacho zamani kilikuwa chumba cha mapumziko. Wafanyakazi waliombwa wapumzike wakiwa wamesimama.

Sababu ya tangazo ilikuwa nzito. Mkurugenzi alikuwa ametembelea shule moja saa nne, saa ya watoto kula matunda, akachelewa dakika ishirini. Akakuta vikapu vitupu na watoto wanacheza.

"Matunda yako wapi?" akauliza.

"Tumekula!" wakaitikia watoto.

Mkurugenzi hakuridhika. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi kazini, na kila alipoambiwa kitu kimeliwa, kweli kilikuwa kimeliwa, ila si na hao waliotajwa.

Kazi ya kupokea maganda akapewa karani mmoja mpole, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Toka siku hiyo akaitwa Karani wa Maganda, na yeye akaitika. Ndizi hazikumsumbua: ndizi moja, ganda moja. Chungwa lilikuja vipande vipande, ikabidi avipange mezani mpaka virudi kuwa chungwa. Tikiti maji lilitaka watu wawili na nusu saa. Hakulalamika. Aliamini kwamba Mkurugenzi ameona mbali, na kwamba wengine nao wangeona, harufu ikipungua.

Shida ilianzia kwenye shule ya nyuma ya gereji. Gari la kugawa matunda lilifika kwao mwisho, ndizi na machungwa yameshakwisha, kwa hiyo walipewa karoti, nyanya na mapera. Wiki ya kwanza shule ikaleta gunia tupu, limekunjwa vizuri. Wiki ya pili, vivyo hivyo. Karani akaandika: "Ulaji: sifuri." Wiki ya tatu Mkurugenzi akatia saini barua: shule isiyokula itaondolewa kwenye mpango siku ya Ijumaa.

Sasa, aliyekuwa akiosha na kugawa karoti katika shule hiyo alikuwa dada mkubwa wa Karani. Jumanne akaingia ofisini, barua mkononi, aproni bado iko kiunoni.

"Mdogo wangu, hii nini?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hii nini?"

"Barua ya kuwaondoa. Watoto wenu hawali."

"Hawali? Watoto mia mbili na kumi wanatafuna karoti mpaka kikonyo! Yupo binti wa darasa la pili, yule mwenye pengo, anakuja shule hajatia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Hiyo karoti ndiyo chai yake. Nimwambie ateme kidogo nikuletee wewe?"

"Ungekuwa unazikwangua, dada, yale makwanguo..."

"Nikikwangua nampunguzia." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Ukitaka kujua mtoto kala, mwambie afungue mdomo. Basi. Mama alitulea sita kwa mtindo huo, na hakuwa na ghala."

Karani alikumbuka kwamba ni kweli. Alikumbuka hata kidole cha mama kikipekua shavuni. Lakini kwenye daftari hapakuwa na safu ya mdomo.

"Nitaandika dokezo," akasema.

"Andika. Na huyo bosi wako, yeye anakula karoti?"

Karani akautazama mlango, akashusha sauti. "Anasema yeye si sungura."

Dokezo lilikuwa la kurasa mbili, lenye kichwa cha habari "Karoti Haina Ganda", na ndani yake Karani alieleza jambo hilo pole pole, akaambatanisha karoti moja. Jibu lilirudi alasiri kwa wino mwekundu: "Matunda mengine yanajitahidi. Karoti nayo ijitahidi." Karoti ilirudi nzima.

Kesho yake, shule ya mtaa wa juu ikaleta maganda ya ndizi mara mbili ya ndizi ilizopewa, mengine yana vumbi la sokoni. Mkurugenzi akawatunuku cheti cha ulaji wa asilimia mia mbili. Kabla wino haujakauka, shule jirani ikaja juu kwamba baadhi ya maganda yale ni yao, yamebebwa kutoka kwenye pipa lao. Ili kumaliza ugomvi, Mkurugenzi akaongeza kwenye mwongozo kifungu cha tisa, kwa mkono wake mwenyewe: "Mlaji ni yule ambaye ganda limekutwa kwake. Hakuna maelezo mengine yatakayopokelewa." Alikipenda kifungu hicho. Mkutanoni alikisoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amefumba macho.

Alhamisi akaja Mkaguzi kutoka wizarani, mama mwembamba asiyecheka ovyo, kitambaa puani. Akamkabidhi Karani fomu ya mwisho wa muhula.

Fomu iliuliza: "Maganda yamekutwa wapi?" Karani alifikiri. Akaweka kalamu chini, akatembea mpaka chumba cha tatu mkono wa kushoto, akahakikisha. Yalikuwa huko. Akarudi akaandika: "Ghala la Mkurugenzi." Fomu ikauliza ufunguo anao nani. Akaandika: "Mkurugenzi." Hakuandika kwa nia mbaya, nafasi iliyoachwa ilitosha ukweli tu. Ingawa hakuna anayeweza kuapa kwamba hakumkumbuka binti mwenye pengo, wala kwamba alisahau kuwa kesho yake ni Ijumaa.

Mkaguzi akasoma, akavua miwani, akamgeukia Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, umekula ndizi elfu kumi na nne?"

"Mimi?"

"Kwa muhula mmoja. Na matikiti maji mia tatu."

"Mama, haya maganda ni ya watoto! Yaliletwa hapa ili..."

"Kifungu cha tisa kinasema hakuna maelezo mengine. Nani alikiandika?"

Mkurugenzi akakohoa.

"Kimeandikwa vizuri," akasema Mkaguzi. "Sasa, mpango huu ni wa wanafunzi wa shule za msingi peke yao. Aliyekula ama ni mwanafunzi, ama amekula chakula cha watoto. Hilo la pili lina fomu yake, iko polisi. Wewe uko darasa la ngapi?"

Nzi mmoja akatua kwenye muhuri.

"La pili," akasema Mkurugenzi.

"Shule gani?"

Mkurugenzi akamtazama Karani. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole orodha nzima, bila haraka.

"Nyingine zote zimejaa, mheshimiwa. Nafasi iko nyuma ya gereji."

Kwa kumpata mwanafunzi huyo mmoja, ulaji wa shule ile ulipanda kutoka sifuri hadi wa kwanza wilayani. Barua ya kuwaondoa ikafutwa siku hiyo hiyo kwa mihuri miwili.

Jumatatu, saa nne, Mkurugenzi alikuwa ameketi darasa la pili, tai shingoni, magoti yakikaribia kidevu, dawati moja na binti mwenye pengo. Dada yake Karani akapita na beseni, akamwekea karoti yake, ndefu, imeoshwa ikang'aa. Binti akaila ya kwake kwa jino la pembeni mpaka kikonyo, kisha akakaa kumwangalia jirani yake. Mkurugenzi akatazama dirishani. Karoti ikateremka taratibu kwenye mfuko wa koti.

"Nimekula," akatangaza.

Binti akanyoosha mkono juu. "Mama, huyu mkubwa anasema kala!"

Darasa zima likageuka. Dada akaweka beseni chini, akafuta mikono kwenye aproni, akaja mpaka kwenye dawati.

"Fungua mdomo," akasema.